Pa Bienfait

Fizi, tarehe 2 mwezi wa sita 2024

Mwanangu Kulthumu,

Nakuandikia kwa sababu masikio yangu yamekufa kabisa. Mara ya mwisho uliponipigia simu nilijibu "ndiyo, ndiyo" kwa maneno ambayo sikuyasikia, na baadaye Déogratias akanieleza kwamba ulikuwa unauliza kama nimeanguka. Tuandikiane basi. Élie mwenye pikipiki anashuka Baraka kila siku ya soko, na amekubali kubeba barua zetu, mradi nisimwombe abebe na muhogo.

Nimepewa kazi. Komite ya Mulima, timu yetu ya mpira, ilinijia juzi, watu wanne na kreti moja ya Fanta, Déogratias akiwa mbele kama katibu. Wanataka niandike kurasa chache zitakazosomwa kwenye mkutano wa mwaka: kwa nini Sangala ya Baraka inatufunga. Miaka sita sasa, kwao na kwetu, jua na mvua. Vijana wanasema ni dawa. Wengine wanasema ni chakula, kwamba mtoto aliyekulia ndagala za ziwani ana pumzi kuliko mtoto wa milimani. Déogratias anasema ni marefa. Mimi sisemi kitu mpaka nizilinganishe timu hizi mbili kama nilivyokuwa nawaagiza wanafunzi kulinganisha nchi mbili: ardhi yake, watu wake, desturi zake, na mwisho kabisa matokeo. Bila matusi.

Hakuna mwingine wa kumuuliza. Wewe peke yako umelala katika nyumba zote mbili. Ulizaliwa nyumba ya Sangala, na kaka yako Useni ndiye kocha wao. Uliolewa nyumba ya Mulima, na Bienfait wangu, namba nne yetu, mpaka alipokwenda Lulimba kwenye dhahabu. Niambie, huko kwenu mambo yanakwendaje wasipokuwepo wageni?

Hapa ni kimya. Nyumba imekuwa kubwa tangu mvua zikatike. Utapanda mwisho wa mwezi kama kawaida?

Baba mkwe wako,
Isidore

Baraka, tarehe 9 mwezi wa sita 2024

Papa Isidore,

Salamu nyingi sana. Nimefurahi kuona mwandiko yako, hata kama niliifungua na woga. Mutu akipata barua ya mwalimu anafikiri iko points ndani. Hii yangu usinirudishie na wino mwekundu.

Mi niko muzima. Ndagala inapatikana, bei njo inatuchosha.

Umeuliza juu ya Sangala. Ku Sangala, jezi haiko ya mutu. Siku ya Ijumaa, kisha sala, Useni anazitandika zote juu ya mukeka, kando ya ziwa. Mwenye anafika wa kwanza ku mazoezi anachagua wa kwanza. Mwenye alivaa kumi juma lililopita anaweza kuvaa mbili leo. Kama hukukuya, basi, hauko. Hakuna kuuliza, hakuna kungojea. Batu ba Fizi banasema ni roho mubaya. Useni anasema: "Wavu ikipasuka unaishona asubuhi ile ile, ama unalala njaa."

Lakini andika na hii, Papa, juu haitoshi kusifu tu. Unamukumbuka Rashidi, gardien yao? Alisimama ku goli muda murefu, na watoto bote ba hapa balikuwa banataka kuitwa Rashidi. Siku moja alivunjika mguu, mbele ya batu. Ijumaa yenye ilifuata, jezi yake ilikuwa tayari ku mugongo wa kijana mwengine. Hakuna mutu wa timu alienda kumuona hospitali, hata na ndizi moja. Leo anauza mafuta ya pikipiki mu machupa, mbele ya kiwanja. Anasikia makelele, hainuki. Nilimuuliza:

"Rashidi, juu ya nini huingii kuangalia?"

"Niingie nikae wapi? Pa kwangu kuko mutu."

Sangala inashinda, Papa, lakini haijue kuuliza fulani iko wapi.

Sasa na mi niko na ulizo yangu. Useni alinipeleka kwa shehe, ule mwenye alitufungia ndoa. Alisema miaka yenye imepita tangu Bienfait aende inatosha, angeweza kunifungua mu ile ndoa. Kitu kimoja njo kinamuzuia: yule mutu mwenye alimuona Bienfait ku Kazimia, mwaka ulee, anapanda mashua ya ng'ambo. Shehe alisema: "Kuko shahidi alimuona muzima. Mi siwezi kumuzika mutu mwenye alionekana." Anataka jina ya ule muchuuzi wa samaki mwenye alikuletea habari, bamuulize. Nikumbushe jina yake, Papa. Ni ile tu.

Nitapanda mwisho wa mwezi, inshallah.

Binti yako,
Kulthumu

Fizi, tarehe 20 mwezi wa sita 2024

Mwanangu Kulthumu,

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Ungekuwa mwanafunzi wangu ungekaa kiti cha mbele.

Sasa sikiliza upande wetu, ili uone tofauti ilivyo kubwa. Mulima, jezi ni ya mtu kama jina lilivyo la mtu. Akiacha kucheza, anasimama katikati ya kiwanja na kumvalisha mrithi wake kwa mikono yake mwenyewe. Akifa, baba yake au mjomba wake ndiye anayevalisha, naye hutaja jina la aliyekufa kwa sauti. Mpaka hilo lifanyike, jezi inatundikwa kwenye msumari ndani ya chumba cha timu, na hakuna mwenye ruhusa ya kuigusa. Desturi hii waliianzisha wazee wa kwanza wa timu, na nilipokuwa rais wa Mulima niliilinda. Nilijivunia. Nilikuwa nasema: Sangala wana wachezaji, sisi tuna watu.

Huyo Rashidi ni mfano mzuri, nimemweka ukurasa wa pili. Hata hivyo usimwonee huruma kupita kiasi. Mtu anayekaa mlangoni na haingii, mara nyingi anapenda aitwe.

Nina swali moja tu zaidi, kisha nitaacha kukusumbua. Useni huwaambia nini wachezaji wake siku wanapokutana nasi? Nimetazama mechi hizi kutoka kiti changu miaka yote, naona magoli yanaingia, sioni njia yanayopitia. Macho ya mwenye timu hayaoni.

Kuhusu yule mchuuzi, ni mambo ya zamani na kichwa changu kimechoka. Alikuwa mtu wa kupita. Nitajaribu kukumbuka.

Ulipopanda ule mchicha nyuma ya jiko ulisahau kuuwekea uzio, mbuzi wa jirani wameumaliza. Ukija tutaweka.

Isidore

Baraka, tarehe 4 mwezi wa saba 2024

Papa,

Nilikuuliza jina moja, ukaniandikia mpira. Nilipanda kwako mwisho wa mwezi, nikakuandikia ulizo ile ile juu ya ardoise, ile kibao yako, ukaisoma, ukaniomba chumvi. Tukaweka uzio ya muchicha. Nikashuka.

Haya, nitakupa jibu yako, kisha utanipa yangu.

Jana Useni aliita bachezaji ku nyumba. Mi nilikuwa napika chai, na dirisha ya jiko iko karibu na baraza. Nakuandikia vile balisema.

"Coach, na Mulima tunapita wapi?"

"Ile ile ya kila mwaka. Pa Bienfait."

Kuko kijana mugeni, hajue kitu, akauliza, "Bienfait njo nani? Iko nguvu?"

Bote bakacheka. Mumoja akasema, "Haiko! Njo nguvu yake, haiko!"

"Muchekeni polepole," Useni akasema, "dada yangu iko mu jiko."

Papa, kila mutu wa Baraka anajua isipokuwa nyinyi. Miaka sita hakuna mutu ku Mulima anavaa nne. Mwenye kuvaa tatu anafikiri tano atakuya kufunga ile nafasi. Tano anafikiri tatu atakuya. Na hakuna mwenye anapenda kusimama pale kabisa, banazunguka sawa batu banaogopa kukanyaga mukeka wa mugeni. Useni aliona ile tangu mechi ya kwanza. Anawaambia batoto bake: mupira chini, mbio katikati, pa Bienfait. Goli. Ile njo dawa yetu.

Nilisimama mule na sufuria mu mukono. Miaka sita kaka yangu anashinda juu bwana yangu haiko. Na mi njo nawaoshea jezi.

Nipe jina ya ule muchuuzi.

Kulthumu

Fizi, tarehe 18 mwezi wa nane 2024

Kulthumu,

Samahani kwa kimya. Nilikuwa Nundu, hospitalini. Walinilaza kule, na daktari, kijana mwenye subira, aliniandikia kwenye karatasi kwa herufi kubwa kwamba moyo wangu umevimba na umeanza kuacha maji mapafuni. Nilimwandikia chini yake: mpaka lini? Akaichukua karatasi akaiweka mfukoni. Nilifundisha miaka mingi, najua mwanafunzi anayejua jibu na hataki kulisema.

Kwa hiyo nalisema mimi, la kwangu.

Hakuna mchuuzi. Hakuna mtu aliyemwona Bienfait Kazimia. Nilibuni.

Utataka kujua ilikuwaje, na una haki. Siku ile ulikuja na mfuko wa nguo kichwani, ukaniambia, "Papa, nimekuja kuaga, narudi kwetu." Mke wangu, Mama Immaculée, alikuwa na miezi michache ardhini. Nyumba ilikuwa na vikombe sita na mnywaji mmoja. Sikuwa nimepanga neno lolote, nilifungua mdomo nikajisikia mwenyewe nikisema kwamba mchuuzi mmoja wa samaki amemwona Bienfait bandarini Kazimia akipanda mashua. Uliutua mfuko. Ukauliza, "Alikuwa na afya?" Nami nikajibu, "Amekonda kidogo." Hilo "amekonda kidogo" ndilo linaloniamsha. Neno la kwanza lingeweza kuwa wazimu wa mzee mwenye majonzi. La pili nililichagua.

Ulipika siku ile. Ukakaa mwaka mzima. Na hata ulipohamia Baraka kwa biashara uliendelea kuja kila mwezi, kwa sababu mke wa mtu aliye hai hupanda kumwona baba mkwe wake.

Kuhusu Bienfait ninachokijua ni hiki. Waliorudi kutoka Lulimba msimu ule walisema shimo moja lilijifunika na watu ndani. Sikwenda kuuliza majina. Walikuwa wanapita hapa barabarani, ningeweza kumsimamisha yeyote. Sikuuliza kwa sababu wangenijibu.

Nimeyaandika mambo ya timu zile mbili karibu kuyamaliza, na yote yamenigeukia. Nilianza nikitaka kuonyesha kwamba Sangala hawana moyo na sisi tunao. Wao hujaza pengo kabla halijapoa, ndiyo sababu Rashidi wenu yuko nje na chupa zake. Sisi hatujazi, ndiyo sababu mpira unapita katikati yetu mwaka wa sita. Niliita hilo upendo. Lakini nilipoziweka desturi hizi mbili meza moja, niliona zinakimbia kitu kimoja. Hakuna timu kati ya hizi inayotaka kusimama mbele ya watu na kusema: huyu amekwenda. Wao wanamvalisha mwingine haraka ili wasiseme. Sisi hatumvalishi mtu ili tusiseme. Wazee waliotuachia desturi yetu walikuwa na akili kuliko mimi: waliagiza jina litajwe kwa sauti, kisha jezi ivaliwe, vyote viwili pamoja. Mimi nilichukua msumari tu, nikaacha hayo mengine. Miaka sita komite wanasubiri baba wa namba nne ainuke kitini, na wameona haya kumwambia.

Na wewe nimekutundika hapo hapo.

Mpelekee shehe barua hii. Mwambie imeandikwa na mwalimu Isidore wa Fizi, mwenye akili timamu, aliyedanganya.

Siombi unisamehe. Niliandika ombi hilo hapa nikalikata, unaona mahali karatasi ilipokwaruzika.

Isidore

Baraka, tarehe 15 mwezi wa tisa 2024

Mwalimu Isidore,

Siandiki Papa leo. Labda siku ingine.

Ulifikiri nilikuwa nakaa tu nangojea? Nilienda Kazimia. Mara mbili. Mara ya kwanza nililala kwa mama mumoja hanijue, anaitwa Fanny, alinipa nafasi chini ku mukeka na batoto bake. Asubuhi nilishuka bandarini, nikauliza mashua moja moja: "Hamukumuona mutu murefu, amekonda kidogo?" Nilikuwa nasema vile, amekonda kidogo. Na maneno yako, mu kinywa yangu. Kapiteni mumoja aliniambia, "Mama, banaume benye kupotea hapa tukianza kubahesabu, tutaacha kuvua." Bengine bakacheka. Mama mwenye kukausha samaki akaniuliza kama alinikimbia na mwanamuke. Nikasema hapana. Usiku ule nilianza kufikiri labda ni ndiyo. Miaka hii yote nilikuwa nafikiri bwana yangu iko muzima ng'ambo, anakula, anacheka, hanitaki. Ile njo ulinipa. Ungeniambia amekufa ningelia, kisha ningenyamaza.

Mara ya pili sikwenda peke yangu. Rashidi alinipeleka ku pikipiki, na mguu yake ile, barabara yote mpaka kule na kurudi. Rashidi yule yule, wa ukurasa wa pili. Alitembea na mi mashua kwa mashua kumutafuta bwana yangu. Wakati wa kurudi alizima pikipiki tukiisha kuvuka mutoni, akasema, "Kulthumu, mi nitakuomba ndoa siku moja, lakini haiko leo. Leo kungali mutu." Alirudilia ile neno mwaka jana. Nikamujibu, kungali mutu.

Ulisema anapenda aitwe. Haiko vile. Anajua kusimama pa mutu mwengine kunaumiza, juu balisimama pa kwake.

Useni alitaka kupanda Fizi akutukane. Nilimukatalia. Nilimwambia, mutukane ungali umekaa ku kiti ya kushinda, kisha uniambie ulishinda na nini. Tangu siku ile hapendi nioshe jezi, anaosha mwenyewe.

Shehe alisoma barua yako. Alisema imeandikwa muzuri sana, lakini karatasi haina uso. Anataka mwenye alisema uongo akuye aseme kweli na kinywa chake, mbele ya batu. Mi najua uko mugonjwa. Najua barabara iko vile. Nakuomba vile vile. Sikukuomba kitu ingine tangu nikuwe mukwe wako, isipokuwa jina.

Kulthumu

Fizi, tarehe 22 mwezi wa tisa 2024

Kulthumu,

Nitashuka Alhamisi, Mungu akipenda. Usiandae chakula.

Isidore

Baraka, tarehe 29 mwezi wa tisa 2024

Papa,

Élie alisema ulifika Fizi muzima, lakini hukuweza kushuka ku pikipiki peke yako, balikubeba na kiti. Ananiambia pia vile balikufunga na kitenge ku mugongo wake, na Déogratias nyuma anakusukuma usilale. Batu ba barabarani balifikiri banapeleka maiti, bakavua kofia. Élie anasema uliwapungia mukono. Nilicheka, kisha nikalia.

Sijui kama unajua vile ulisema. Juu haujisikii, ulipiga kelele. Shehe alikuandikia ulizo, ukaisoma, ukajibu sawa uko mu classe na batoto mia: "NILIDANGANYA! HAKUNA ALIYEMWONA! MWANANGU BIENFAIT AMEKUFA LULIMBA!" Batoto bakakimbia kutoka barabarani kuangalia. Jirani akazima radio. Useni aliangalia chini muda wote. Kisha nikaona anainuka, anakuletea muto yake ya kulalia, anaiweka nyuma ya mugongo yako.

Mi nilikuwa nyuma ya pazia, na bamama. Ulipomaliza uliangalia pale pazia iko. Niliona. Nilikuwa na hasira ingali moto, nikasema mu roho, leo hapana, nitamusalimia kesho, ama mwisho wa mwezi nitapanda.

Papa, sikujua. Shehe alitusomea, tukamuombea Bienfait, na alipomaliza tu akaniambia eda yangu inaanza siku ile ile, saa ile ile. Miezi minne na siku kumi. Nikae mu nyumba, nisitoke, nisisafiri. Wewe ulikuwa ungali inje, Élie anakufunga kitenge. Nilisikia pikipiki inawaka.

Nimehesabu. Itaisha mwezi wa pili. Élie aliniambia kile daktari wa Nundu alimwambia Déogratias.

Ningelijua, ningelitoka.

Niandikie. Hata mpira, niandikie.

Binti yako,
Kulthumu

Fizi, tarehe 3 mwezi wa kumi na moja 2024

Mwanangu Kulthumu,

Barua hii nimeiandika kwa siku tatu, mistari michache kila asubuhi, kalamu ikiwa nzito. Ukiona mwandiko unapanda mlima, ni mimi niliyelala ubavu.

Uliomba mpira. Jumapili iliyopita Mulima walicheza na Sangala. Kabla ya mechi walinipeleka kiwanjani na kiti changu. Kurasa zangu hazikusomwa mkutanoni, Déogratias alizifupisha akabakiza neno moja, kwamba namba nne ivaliwe, na wote wakanyoosha mikono upesi, hapo nikajua walikuwa wameingoja siku hiyo kuliko mimi. Kijana anaitwa Nicolas, ana miguu mirefu na hakuwahi kumwona Bienfait akicheza. Nilimwambia ainame, nikamvalisha. Mabegani ilimzidi. Nikalitaja jina. Nasikia kwamba nilipiga kelele tena.

Nilifikiri ningeanguka, au ningelia. Nilichohisi ni baridi mikononi, kama mtu aliyetua ndoo. Kisha wakanirudisha nyumbani, maana jua lilikuwa kali.

Matokeo niliyaona dirishani. Watu wetu walikuwa wanarudi hawasemi. Déogratias akaingia, akachukua ardoise, akaandika: "2-1. Lakini safari hii walipita kwingine." Alikuwa anacheka machozi yakimtoka. Aliniandikia pia kwamba Useni, mchezo ulipokwisha, alimfuata Nicolas akampa mkono.

Mwambie Rashidi nimeuchana ukurasa wa pili. Sikumwelewa. Mwambie pia, kama atakubali neno la mzee asiyemjua, kwamba Bienfait alikuwa anapenda chai ya tangawizi na kuchelewa kulala, na wewe utakuwa umezoea hivyo. Awe na subira.

Nilikuona nyuma ya pazia. Niliona vidole vyako kwenye ukingo wake. Usijilaumu kwa hilo. Ungetoka ningekuomba upande mwisho wa mwezi, ninajijua, na ungepanda.

Siku ya mwisho wa mwezi mwili wangu ulisahau, nikaamka nikavaa shati safi, nikakaa mlangoni mpaka jioni. Hakuna aliyekuja, na hakuna aliyekosea kwa kutokuja. Najifunza kukaa hivyo. Ni somo gumu kwa mwalimu.

Sasa neno langu la mwisho, na hili ulitii kama hukunitii mengine. Eda hii ni ya Bienfait. Umehesabu vizuri, nami nimehesabu. Élie akikuletea habari zangu ukiwa bado humo ndani, usitoke, usipande, usinifungie kilio kipya. Lia siku ile, kesho yake endelea kuhesabu pale ulipofika. Nikifa kabla siku zako hazijaisha, usizianze upya.

Baba yako,
Isidore